Pimamaji na Pai Isiyookwa

Jina alilopewa na wazazi wake lilibaki kwenye kitambulisho, na hata pale lilikuwa limeanza kufutika. Kazini, mtaani, na hata kwa wakwe zake, mzee huyu aliitwa Pimamaji, kama kile kifaa cha mafundi chenye kitone cha hewa kinachoogelea ndani ya maji ya kijani na kukwambia kama ulichojenga kimenyooka au umejidanganya. Yeye mwenyewe kifaa hicho alikibeba kwa adabu tu. Angechuchumaa kwenye kona ya chumba, akafumba jicho moja, akaitazama sakafu kama anayemshuku mtu, kisha akasema, "Pale mlangoni pamelala." Mafundi wenzake walikuwa wakileta pima maji zao mbio mbio ili wamkomeshe. Kitone kilisema kile kile alichosema, nao wakarudi kwenye zege lao kimya kimya.

Alikuwa fundi wa sakafu na lipu. Wapo mafundi wanaojenga maghorofa, na watu husimama mbele ya maghorofa hayo kupiga picha. Sakafu haina anayeipiga picha. Inakanyagwa, inamwagiwa chai, inaburutiwa vitanda, na ikiwa imefanywa vizuri hakuna anayeikumbuka. Pimamaji aliishi maisha yake yote akifanya kazi ambayo sifa yake kubwa ni kusahaulika, na wala hakulalamika. Tena aliionea fahari. Akialikwa kwenye harusi, kabla hajampa mkono bwana harusi, atakuwa ameshaangalia chini.

Sheria yake ilikuwa moja tu, na haikuwa na mjadala: sakafu mbichi haikanyagwi. Haikujali wewe ni nani. Kuna mwenye nyumba aliyekuja na wageni wake kuwaonyesha sebule mpya, akamkuta fundi amekalia ndoo mlangoni, miguu ameinyoosha hadi upande wa pili wa fremu.

"Nyumba ni yangu," mwenye nyumba akasema.

"Nyumba ni yako," Pimamaji akakubali. "Sakafu ni yangu mpaka ishike."

Mama mkwe wake naye alipofunga safari kuja kuona makazi ya binti yake, alipewa shikamoo, akapewa kiti, akapewa chai, na vyote hivyo akapewa nje. Bibi yule aliondoka akilalamika kwamba mwanawe ameolewa na askari wa zamu. Miaka ikapita, sakafu haikutoa hata ufa mmoja, na ni bibi huyo huyo aliyekuja kuwa mpiga debe wake mkubwa kwa majirani.

Na kila sakafu aliyoimwaga, aliinywesha. Saruji ikikosa maji siku za mwanzo hukauka kwa pupa na kupasuka, kwa hiyo asubuhi na jioni utamwona na kopo lake, anachovya vidole, ananyunyiza, anasogea, ananyunyiza tena, taratibu kama anayepoza uso wa mgonjwa. Mkono ulikuwa umeizoea kazi hiyo kiasi kwamba haukumwomba ruhusa. Akipita mahali akaona sakafu mpya imeachwa kavu, hata kama si kazi yake, ataomba kopo.

Mke wake aliitwa Mama Funguo. Alifanya kazi ya usafi hotelini, na kiunoni alibeba shada la funguo za vyumba vyote vya ghorofa yake, hivyo wenzake walimsikia kabla hawajamwona. Ndiko walikokutana. Pimamaji alikuwa anatengeneza sakafu ya ukumbi wa juu, naye alikuwa anapita na ndoo yake. Sasa huyu bwana, kwa upande wa wanawake, alikuwa domo zege hasa. Binti alipita kila siku, na kila siku fundi alitoa maneno yale yale mawili: "Usikanyage hapo."

Mwishowe binti aliweka ndoo chini. "Wewe kila siku unaniambia nisikanyage. Haya, niambie basi nikanyage wapi."

"Kwetu," Pimamaji akasema.

Yeye mwenyewe alishtuka kusikia neno hilo limetoka. Mama Funguo alicheka mpaka funguo zikacheza, na tangu siku hiyo kicheko hicho kikawa ndiyo redio ya nyumba yao. Alikuwa mwanamke wa mwili, wa sauti, na wa kula. Tuliseme hilo bila kificho, kwa sababu yeye hakulificha: alipenda chakula. Alikula kwa furaha, akakusimulia alichokula jana huku anakula cha leo. Kupika kulikuwa kwake. Mumewe alijua kuchemsha chai, na chai yenyewe ilikuwa ya kuvumiliwa.

Halafu tumbo likamshika, akapelekwa hospitali, akapasuliwa, akalala wodini muda mrefu. Upasuaji ulikwenda vizuri, madaktari walisema, na kidonda kilifunga vizuri. Ila mwanamke aliyerudi nyumbani alikuwa nusu ya yule aliyeondoka, na nusu hiyo haikutaka kula.

Hakugoma. Afadhali angegoma, kwa sababu mgomo Pimamaji angejua jinsi ya kuupigania. Alikataa kwa upole. "Nimeshiba." "Weka hapo, nitakula baadaye." "Ahsante, mume wangu, ni kitamu," huku kijiko kikiwa hakijalowa. Pimamaji akajifunza kupika supu, akajifunza uji, akaponda viazi mpaka vikawa laini kama lipu ya mwisho. Aliingiza sahani chumbani ikiwa ya moto na kuitoa ikiwa imepoa. Hakuna kitu kilichomuuma katika maisha yake kama kuitoa ile sahani.

Nesi wa zahanati ya jirani alikuwa akija kumwangalia kila Ijumaa. Alikuwa dada mchangamfu, lakini Ijumaa hiyo alitoka chumbani bila utani wowote, akamshika Pimamaji mkono na kumvuta mpaka nje ya mlango.

"Baba, nikufiche nini? Mama anaisha. Dawa zimefanya kazi yake, sasa imebaki yeye kula. Nikija Ijumaa ijayo nikamkuta hivi hivi, sitakuwa na la kufanya. Nitamrudisha wodini alishwe kwa mpira."

"Akirudi huko, atapona?"

Nesi aligeuka akautazama mlango waliotokea, na Pimamaji akawa ameshapata jibu.

"Mtafutie anachokitamani," nesi akasema. "Chochote kile, mradi kiwe laini. Siku hizi simwulizi mgonjwa kama kina faida, namwuliza kama kinashuka."

Ni rahisi kusema hivyo. Pimamaji alimwuliza mkewe asubuhi, akamwuliza mchana. Anatamani nini? Hatamani kitu. Alimtajia vyakula vyote alivyowahi kumsikia akivisifu, na katika miaka yote ya kuishi pamoja alikuwa amevisikia vingi. Mama Funguo alitikisa kichwa kwa kila kimoja, mpaka akachoka kutikisa.

Ila siku chache baadaye, mchana, akiwa anaangalia dari, alisema peke yake, "Ile pai ya ndizi ya hotelini."

Pimamaji alikuwa anakunja shuka. Aliacha kukunja.

"Siku niliyostaafu," mkewe akaendelea, "mpishi alinikatia kipande kikubwa. Chini biskuti, katikati tofi, juu ndizi na krimu. Akanifungia nikuletee na wewe."

"Sikumbuki kuiona."

"Utaikumbuka wapi? Niliimaliza njiani. Nilikaa kwenye benchi kabisa, nikaimaliza."

"Unaitaka?"

"Sijui. Nimeikumbuka tu."

Kwa mtu mwingine hayo si maagizo. Kwa Pimamaji yalitosha. Alivaa shati la kutokea, akaenda hotelini, akaambulia patupu: yule mpishi alikuwa ameshaondoka zamani, na vijana wa jikoni walimtazama kama aliyeulizia treni. Akarudi akampigia simu binti yake mkubwa, aliyekuwa akifanya kazi mji mwingine na aliyerithi kwa mama yake kupenda kula na kicheko vyote viwili.

"Baba, hiyo nyepesi sana. Unaweza kuifanya mwenyewe."

"Mimi sina ovena."

"Haiokwi. Unahitaji jiko la chai na friji tu."

"Haiokwi? Sasa inasimamaje?"

"Sikiliza. Unachukua biskuti kavu, unazitwanga mpaka ziwe kama mchanga. Unayeyusha siagi, unachanganya. Halafu unamimina kwenye bati la duara, unashindilia chini na pembeni..."

"Umesema unashindilia?"

"Ndiyo. Unashindilia mpaka iwe kitu kimoja, na kingo unazipandisha."

"Mwanangu," Pimamaji akasema, na sauti yake ilikuwa imebadilika kabisa, "hapo sasa umekuja kwangu. Endelea."

Binti aliendelea. Ukishashindilia, unaiacha kwenye friji ishike. Kisha tofi: siagi na sukari ya kahawia kwenye moto mdogo, sukari ikishayeyuka unatia maziwa mazito ya kopo, unakoroga bila kuacha mpaka ichemke na kuwa nzito. Unaimwaga juu ya biskuti, unairudisha kwenye friji mpaka kesho yake. Mwisho ndizi, na krimu iliyopigwa juu.

"Kwa hiyo ni sakafu," Pimamaji akamalizia, "kisha zege, kisha lipu nyeupe."

"Ukipenda kuiona hivyo, baba, ni sawa."

Aliiona hivyo hivyo. Alirudi kutoka dukani na mfuko wa vitu na mwiko mpya wa ujenzi, ule mdogo wa kumalizia kona, kwa sababu hakuwa mtu wa kuingiza chombo cha saruji kwenye chakula cha mgonjwa. Akauchemsha ule mwiko kwenye sufuria kama nesi anavyochemsha mkasi. Akazifunga biskuti kwenye kitambaa safi, akazitwanga kwa nyundo ya mbao, akazichekecha. Mabonge yaliyobaki juu ya chekeche aliyatwanga tena. Chumbani Mama Funguo alikuwa anasikia vishindo.

"Mzee, unajenga nini huko?"

"Sakafu."

Hakuuliza zaidi. Zamani angetoka kuja kuona.

Mpishi yeyote angemcheka, na huenda angemcheka mpaka aone matokeo. Pimamaji alianzia pembeni kwenda katikati, akigandamiza kwa tumbo la mwiko, anageuza bati kidogo, anagandamiza, bila haraka, midomo ameibana. Alipandisha kingo zikasimama sawasawa pande zote. Akafumba jicho moja. Kisha, kwa kuwa jambo hili lilikuwa zito kuliko sebule ya mtu yeyote, akaenda kuchukua pima maji yake, akaifuta, akailaza juu ya bati. Kitone kilitulia katikati. Hakuna pai duniani iliyowahi kunyooka vile, na kama ipo, mwenye nayo ajitokeze.

Akaiweka kwenye friji.

Sasa tufike kwenye kosa, na kosa hili fundi mwingine asingemlaumu. Jioni ile alikuwa amechoka. Mkewe alikuwa amekunywa chai nusu kikombe na kugeukia ukutani. Pimamaji alipita jikoni kichwa kikiwa kule chumbani, akafungua friji kuitazama kazi yake, na mkono, ule mkono usioomba ruhusa, ukachukua kikombe cha maji, ukachovya vidole, ukanyunyiza. Pembeni kwanza, kisha katikati. Akafunga friji, moyo umetulia. Asubuhi alirudia.

Alipopika tofi na kuimwaga juu, sakafu ikazama. Biskuti zililegea zikawa uji, tofi ikapenya ikashuka chini, na kingo zile zilizosimama kama askari zikalala moja baada ya nyingine. Alisimama anatazama. Katika maisha yake yote ya kazi hakuwahi kuona sakafu yake inazama.

Akampigia binti.

"Imekuwaje? Siagi ulitia?"

"Nilitia."

"Uliipoza?"

"Nikaipoza, nikainywesha, kila kitu."

"Ukafanya nini?"

"Nikainywesha. Kidogo tu. Jioni, na asubuhi."

Kisha kikasikika kile kicheko, kicheko cha mama yake, kikapanda mpaka binti akashindwa kupumua. "Baba, umeimwagilia pai?" Pimamaji alimsubiri. Yeye hakucheka, wala hakukasirika. Kicheko kilipopungua, akasema polepole, "Mwanangu, nesi anakuja kesho."

Binti akaacha kucheka pale pale. "Mama amekula nini leo?"

"Hajala."

"Jana?"

"Chai."

Alimsikia binti yake akivuta pumzi kwa pua, kama anavyofanya mtu asiyetaka kusikika analia. "Anza tena, baba," akasema. "Usitie maji hata tone. Siagi ikipoa inashika yenyewe, haihitaji kusaidiwa. Wewe iache tu."

Kuacha tu, hiyo kwake ilikuwa kazi ngumu kuliko kushindilia. Lakini alipiga moyo konde. Akamwaga ile ya kwanza, akaosha bati, akarudi dukani, akaanza upya. Akatwanga, akachekecha, akashindilia. Safari hii, baada ya kufunga friji, alifungua bomba na kuunywesha mti wa ndimu uani, ili mkono upate pa kwenda.

Kisha akapika tofi tena, na hapo ndipo mtu angepaswa kumwona. Kuna watu wanakoroga chakula kwa kiganja, wengine kwa bega. Pimamaji alikoroga kwa mwili mzima, miguu ameipanua kidogo, mwiko wa mbao unakwenda chini kabisa ya sufuria na kurudi bila kuacha kona, kama alivyochanganya lipu tangu ujana wake, kwa sababu anajua kwamba unapopumzika ndipo bonge linapozaliwa. Sukari ikayeyuka. Maziwa yakaingia meupe, yakaanza kugeuka rangi polepole. Mvuke ulimpiga usoni, jasho likamtiririka mpaka kidevuni, akalipangusa kwa bega asiache kukoroga. Aliwaza wodi, na ule mpira, na kitanda cha nyumbani kikiwa kimetandikwa bila mtu. Aliogopa, na alikoroga huku anaogopa, na tofi haikushika chini hata punje. Kama huo si ushujaa, basi neno hilo tulifute.

Ilipokuwa nzito na kupata rangi ya ngozi ya kiatu kipya, aliimimina juu ya biskuti. Sakafu ikaipokea, haikutetereka. Akaisawazisha, akaiweka kwenye friji, akafunga mlango. Ilikuwa mchana. Kesho asubuhi itakuwa imeshika, ataikatia ndizi, atapiga krimu, atamkatia mkewe kipande kilichosimama wima, chenye matabaka yake yote yanayoonekana, kabla nesi hajafika. Alikuwa ameipanga hivyo kichwani. Alifungua friji baadaye akagusa kwa ncha ya kidole. Ilikuwa bado inatetemeka.

"Mzee."

Akatoka mbio kwenda mlangoni pa chumba. Mama Funguo alikuwa ameuinua uso kutoka kwenye mto.

"Nini hicho kinanukia hivyo?"

"Pai. Ile ya ndizi."

"Umeitoa wapi?"

"Nimeifanya."

Alimtazama kwa muda mrefu, mume wake wa chai mbaya, na shati lake lenye madoa ya tofi. "Lete," akasema.

"Bado haijashika. Kesho asubuhi itakuwa tayari. Mpaka kesho."

Akakilaza kichwa tena. Pimamaji aliona kile kichwa kinavyorudi kwenye mto, akageuka ili arudi jikoni, na ndipo akasikia nyuma yake, kwa sauti ndogo, "Nina njaa."

Neno hilo hakuwa amelisikia tangu mkewe apelekwe wodini. Alikuwa amelisubiri kwa supu, kwa uji, kwa viazi. Alisimama ukumbini na lile neno, na mbele yake kulikuwa na friji, na ndani ya friji kulikuwa na sakafu mbichi. Amewazuia wenye nyumba. Amemzuia mama mkwe. Hajawahi kumruhusu mtu, hajawahi hata kujiruhusu yeye.

Alifungua friji, akatoa bati, akachovya kijiko kikubwa katikati.

Ilibomoka, kama alivyojua itabomoka. Tofi ilifurika kwenye shimo, biskuti zikafuata vipande vipande, na kilichotua kwenye sahani hakikuwa na umbo lolote. Akakata ndizi juu yake haraka haraka, vingine vinene vingine vyembamba. Krimu hakuwa na wakati wa kuipiga, akaimwaga vile vile ikatiririka mpaka ukingoni mwa sahani. Ilikuwa kazi mbaya kuliko zote alizowahi kumkabidhi mtu. Akaibeba chumbani kwa mikono miwili.

Alimwinua mkewe, akampa mto mgongoni, akampa kijiko. Mama Funguo alichota kidogo, akakitia mdomoni, akakaa nacho. Pimamaji alilitazama koo la mkewe. Koo likasogea. Akachota tena, safari hii zaidi, na akafumba macho.

"Imelegea," akasema.

"Si nilikwambia haijashika? Ungesubiri mpaka kesho ungeona..."

"Hebu nyamaza, nakula."

Hakujua aweke wapi mikono yake, kwa hiyo alirudi jikoni akachukua sufuria ya tofi, akasimama nayo mlangoni mwa chumba, akawa anakwangua masalia na kuyalamba kwenye mwiko, macho yasitoke kwenye sahani ya mkewe. Kijiko kilikwenda na kurudi. Kilikuwa kinagonga sahani, na sauti hiyo ilimwingia mpaka mifupani.

Mama Funguo akainua macho. Akamwona. Huenda ilikuwa mara ya kwanza anamwona tangu alipougua, kwa sababu maumivu hayampi mtu nafasi ya kutazama wengine. Aliiona shingo iliyokonda mpaka haigusi kola ya shati. Aliuona uzi wa fundi, ule wa kunyooshea kuta, aliofungia suruali yake kiunoni ili isianguke.

"Kaa," akasema.

"Nimezoea kusimama."

"Umezoea tangu lini? Wewe ulikuwa unakula umekaa."

Pimamaji alitaka kumjibu, akagundua kwamba hajui. Mezani kulikuwa na viti viwili. Tangu siku gari la wagonjwa lilipomchukua mkewe, hakuwa ameweza kukaa kwenye kimoja huku kingine kikimtazama. Alikuwa anakula amesimama kwenye sinki, mkate, au viazi vya mkewe vilivyorudi vimepoa, siku nyingine akasahau kabisa. Hakuwa ameliona hilo kuwa ni jambo. Hakuna aliyemwuliza.

"Mimi napikiwa na wewe," Mama Funguo akasema. "Wewe unapikiwa na nani?"

Akalia. Alilia amesimama, na sufuria mkononi, mzee mzima, bila kujificha uso, kwa sababu alikuwa ameogopa kwa muda mrefu mno na sasa hofu ilikuwa inatoka yote kwa mpigo. Mkewe hakumwambia anyamaze. Alisogeza miguu yake kidogo kitandani, akapiga shuka kwa kiganja, na Pimamaji akaja akakaa pale.

Mama Funguo akachota kijiko kilichojaa, biskuti na tofi na kipande cha ndizi juu. Tofi ikadondoka njiani kwenye shuka, hakuijali.

"Fungua mdomo, baba watoto."

Akafungua. Wakala hivyo, wakipokezana kijiko kimoja, mpaka sahani ikawa tupu, kisha Pimamaji akaenda kuongeza.

"Nesi akija kesho," mkewe akamwambia aliporudi, "mwambie akupime wewe kwanza." Halafu akashika ncha ya shuka, akajifuta mdomo, na kwa ncha hiyo hiyo akamfuta na mumewe.